Konokono wa Nansio Aliyeandikwa Binadamu

Anayewajibika ni Mkuu wa taasisi ambako binti yangu ni mtafiti. Nalisema hilo mwanzoni ili asije akatafutwa karani wa kubebeshwa mzigo.

Binti yangu alikusanya konokono ufukweni Nansio, akawaleta maabara Mwanza, akaonyesha kwamba protini moja ya mnyoo wa kichocho hushikana na protini moja ya konokono. Mnyoo huyo hukua ndani ya konokono kabla ya kumwingia mtu anayeoga au kufua ziwani. Mshikamano huo ukizuiwa, huenda mnyoo akakosa pa kukulia. Matokeo yalipelekwa kwenye kanzidata huria ya mtandaoni, ambako mtafiti yeyote, popote alipo, husoma bila malipo ni molekuli ipi hushikana na ipi.

Wahakiki wa kanzidata, watu makini, waliuliza jambo moja: protini ya pili ni ya kiumbe gani? Hapo ndipo desturi yetu ilipotuumiza. Katika taasisi ile, kama katika ofisi zote nilizotumikia, jibu la kwenda nje hutolewa na Mkuu. Naye hakumwita aliyefanya jaribio, aliyekuwa chumba cha jirani. Alijua kichocho ni ugonjwa wa watu, akajibu: binadamu.

Tangu nijue hilo situlii. Asubuhi najikuta nimesimama uani kwetu Ilemela, kati ya mawe, chai inapoa, nafungua ukurasa ule kwenye simu. Bado binadamu. Naketi, nainuka, nafungua tena. Mke wangu ameniambia kwamba hata nikiukodolea macho hadi jioni, konokono hatajirekebisha mwenyewe.

Binti aliomba marekebisho. Wahakiki walimjibu kwa adabu kwamba sharti yaidhinishwe na ofisi iliyowasilisha. Muda si mrefu akapokea ujumbe wa watafiti vijana wa ng'ambo ya ziwa: wameisoma kumbukumbu yake kwenye kanzidata, na wanajiandaa kuendeleza kazi hiyo kwa seli za binadamu. Aliwasihi wasimame. Wakamwuliza kwa nini, basi, kumbukumbu yenye jina lake inasema vingine. Alinisomea swali hilo, akaiweka simu chini, akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Nilivaa koti, nikaenda kumwona Mkuu. Ni mdogo kwangu kwa umri. Aliniamkia vizuri, akatania kwamba wastaafu tukikosa kazi nyumbani huja kuwakagua walio kazini. Nilipomweleza, alisema wafadhili wakiona marekebisho watadhani taasisi haijui kazi yake, kwa hiyo yasubiri.

"Mzee wangu, ni neno moja tu hilo."

"Ni moja," nilimjibu, "lakini limekaa chini ya jina la mwanangu, na dunia nzima inalisoma."

Akaniagizia soda. Sikuinywa.

Kwa hiyo nadai rasmi: Mkuu aidhinishe marekebisho bila kuchelewa zaidi, awaandikie wahakiki, na wale vijana pia, kwamba jibu lile lilikuwa lake wala si la mtafiti, na aieleze bodi ya taasisi, kwa maandishi, kwa nini alijibu asilolijua bila kumwuliza anayelijua, na kwa nini kosa lilipobainika alichagua kuliacha lisomwe. Nakala ya maelezo hayo apewe binti yangu, mkononi, kwa sahihi ya Mkuu mwenyewe.