Baiskeli ya Mkunga

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka hamsini na mmoja, wajukuu wawili na presha. Nasema hivi mapema ili anayesoma asidhani nilikuwa mwanamichezo. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kigoma, kazi ambayo mtu huifanya amekaa, na mimi nilikuwa nimekaa kwa miaka ishirini na minane. Kwetu ni Singida. Nyumbani baiskeli ilikuwa ya baba, baadaye ikawa ya kaka zangu. Sisi wasichana tuliiosha.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Boti zilikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, watu wakashuka na magodoro, na mbuzi, na masufuria yaliyofungwa kwa kanga, na wengine mikono mitupu. Ujiji ilijaa. Nyumba iliyokuwa ya watu sita ikalaza kumi na tano, kwa sababu familia nyingi za pale zina ndugu upande wa Kongo, na ndugu hafukuzwi mlangoni. Ofisini kwetu mafaili yaliongezeka mpaka tukayapanga sakafuni, nami nikawa siinuki kabisa kwenye kiti.

Siku moja nilipanda ngazi za ofisi nikakutana na mkuu wangu juu, nikashindwa kumwamkia kwa kukosa pumzi. Alidhani nimemkasirikia. Kesho yake nikaenda zahanati iliyokuwa karibu na kwetu Buzebazeba, huko huko Ujiji. Mganga, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alinipima presha mara mbili, akaandika, akaweka kalamu chini.

"Mama, dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Unahitaji mazoezi. Na magoti haya hayafai kukimbia. Ungeendesha baiskeli ingekuwa vizuri."

"Baiskeli sijui, mwanangu."

"Basi tembea."

Chumba chake kilitenganishwa na benchi la wagonjwa kwa pazia tu. Nilipotoka, mwanamke mmoja aliyekaa mwisho wa benchi aliniita kwa mkono. Alikuwa mrefu, mwembamba, kilemba cha kitenge kichwani, amenizidi kama miaka mitano hivi.

"Mama, pole. Nimesikia yote," akasema. "Miye kinga ninayo nyumbani."

Nilidhani ni mwuza mitishamba. Nikamshukuru, nikamwambia kinga ya hospitali inanitosha. Akacheka mpaka akashika benchi. Ndipo nilipojifunza kwamba kwao, kama ilivyo kwa Warundi, kinga ni baiskeli.

Alikuwa mkunga. Kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya pwani ya ng'ambo kwa baiskeli hiyo, akizalisha. Vita vilipofika kwao, mumewe alikuwa amekwenda shamba upande wa milimani, na njia ikafungwa kati yao. Alimsubiri siku mbili, kisha majirani wakamvuta kwenye boti. Mwenye boti alikataa baiskeli. Mkunga akashusha mzigo wake wa nguo na vyombo, akauacha ufukweni, akabaki na baiskeli na sanduku dogo la bati lenye mikasi na mabakuli. Hapo Ujiji alikuwa amefikia kwa binamu yake.

"Hapa mna hospitali," aliniambia. "Miye siitwi tena usiku wala mchana. Kinga imesimama ukutani inaota kutu. Njoo tuitembeze."

Bwana wangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza aliacha kula.

"Mama watoto, utavunjika nyonga."

"Mganga kasema."

"Mganga alisema utembee. Umenieleza mwenyewe."

Jumamosi ya kwanza nilichukua suruali yake ya zamani ya kazini, nikaivaa ndani, nikafunga kitenge juu, nikatoka kabla hajarudi kutoka sokoni.

Mkunga alinipeleka kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya wanawake, yaani haina lile bomba la juu, na nyuma ilikuwa na keria pana ya chuma. Hakunipandisha. Kwa Jumamosi mbili nzima nilikuwa nikiisukuma tu, nikizunguka uwanja, mkono wake mmoja ukiwa mgongoni kwangu. Alisema lazima nijue uzito wake kwanza. Jumamosi ya tatu akateremsha kiti mpaka miguu yangu ikagusa chini pande zote mbili, akaniambia nijisukume kwa miguu kama mtoto anayetambaa. Wanafunzi waliokuja kuchota maji walisimama kutazama. Walicheka, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Waache wacheke," mkunga alisema. "Wewe usione chini. Ona mbali. Ukiona chini, utakwenda chini."

Nikaona mbali. Mwisho wa uwanja kulikuwa na goli la miti, na nyuma ya goli, chini kabisa, ziwa. Sijui ni wakati gani miguu yangu iliacha kugusa ardhi. Ninachokumbuka ni kwamba sauti yake ilikuwa nyuma, kisha ikawa mbali, na mimi nilikuwa naelekea kwenye lile goli sijui namna ya kusimama. Nililigonga. Nilianguka upande, kiwiko kikachubuka, nikakaa chini nikaanza kulia. Aliponifikia alidhani nimeumia. Nilishindwa kumweleza kwamba sikuwa nalia kwa maumivu. Nilikuwa nimemkumbuka baba, ambaye alikuwa amekwisha kufa, na nikatamani angekuwa pale pembeni aone.

Baada ya hapo nilijiona najua. Siku moja jioni, mkunga akiwa ananifuata kwa miguu, nilichukua njia inayoteremka kwenda ufukweni. Breki nilizikamata nimechelewa. Pale chini akina mama walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na mimi nikapita katikati ya dagaa hao, nikaenda nao hatua kadhaa, nikaanguka nikiwa nimejifunga wavu miguuni.

Mwenye dagaa, Mha mmoja mnene mwenye sauti ya kujaa ufukwe, alinisimamia.

"Wewe mama mzima! Unatafuta nini juu ya kinga?"

"Afya," nilisema.

Aliniangalia nilivyokuwa, nimejaa magamba na mchanga hadi kwenye nywele. "Afya," akarudia polepole. Kisha akaketi chini akacheka, na wenzake wote wakacheka. Lakini hakuniachia hivi hivi. Mimi na mkunga tuliokota dagaa wale mmoja mmoja, tukawaosha ziwani kwa vikapu, tukawaanika upya mpaka jua likagusa milima ya Kongo. Tukiwa tumeinama pale, mkunga aliinua macho akaitazama ile milima.

"Kutoka hapa mvua ikishakatika naona mpaka mabonde," alisema. "Nyumba siioni."

Nikamuuliza kama amepata habari yoyote ya mumewe.

"Hapana. Kila boti ikifika nakwenda kuuliza. Sasa wananijua. Kabla sijafungua mdomo wananitikisia kichwa."

Niliendelea kuokota dagaa, naye akaendelea. Kuanzia siku ile, mwenye dagaa kila aliponiona napita barabarani alinipungia mkono na kuniamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mama Afya!" Jina hilo lilinishika mpaka ofisini.

Miezi ilipita. Mkunga akaniachia baiskeli nikae nayo, nikaanza kwenda nayo kazini, Ujiji hadi Kigoma mjini, kupitia Katubuka. Mwanzoni nilishuka kwenye kila mwinuko na kusukuma. Kisha nikawa nashuka kwenye mmoja tu. Mganga alinipima, akaangalia cheti cha zamani, akanipima tena. Asubuhi moja niliukuta mnyororo umetiwa oili safi, na kipande cha sare ya reli kimefungwa kwenye kiti pale palipochanika. Nilipomuuliza bwana wangu alisema labda ni majirani.

Mlima wa Mwandiga nilikuwa sijaujaribu. Mwandiga ni mji mdogo nje ya Kigoma, barabara ya kwenda bara, na ukitoka ziwani ni kupanda moja kwa moja. Mkunga alisema huo utakuwa mtihani wangu wa mwisho, na tukapanga Jumamosi fulani yeye anisubiri kule juu.

Kabla ya Jumamosi hiyo tangazo lilitoka kwamba wakimbizi wanaoishi mitaani wajiandikishe, wahamishiwe kambini. Nilisikia ofisini, lakini masjala tulisikia matangazo mengi, na sikufikiri kwamba hili lingetekelezwa upesi. Asubuhi ya Ijumaa binamu wa mkunga alikuja mlangoni kwangu.

"Wamempandisha," alisema. "Malori yameondoka sasa hivi kutoka Kigoma. Alisema nikusalimie."

"Na baiskeli yake?"

"Hakuisema."

Baiskeli ilikuwa kwangu, imeegemea ukuta wa jikoni. Sikufikiri vizuri. Niliona tu kwamba mali yake iko kwangu, na ndiyo mali pekee aliyovuka nayo. Nikavaa suruali, nikaingia barabarani. Kazini sikuaga.

Sitaisahau safari ile, ingawa hata masaa mawili haikufika. Katubuka nilipita bila kusalimia mtu. Mlima ulipoanza jua lilikuwa limepanda, pumzi ikawa inatoka kama msumeno, na kila nilipotaka kushuka niliwaza malori yanavyokata kona mbele yangu. Basi sikushuka. Nilikwenda polepole kiasi kwamba mwanamke mmoja aliyebeba mihogo kichwani alinipita, akageuka akanipa pole.

Malori yalikuwa yamesimama Mwandiga, askari wakihakiki orodha. Nilitembea nikiiburuza baiskeli, nikiangalia nyuso kule juu, mpaka niliposikia sauti yake.

"Mama! Umesukuma, au umepanda?"

"Nimepanda."

"Mlima wote?"

"Wote, dada."

Aliruhusiwa kushuka kidogo. Hakunikumbatia. Aliinama akabonyeza breki ya mbele, kisha ya nyuma, akapitisha kidole kwenye spoki. Nikamwambia nimeileta aende nayo. Utingo wa lori alisema hapana, hata nafasi ya kuku hakuna, na kwa kweli haikuwapo.

"Hata ingekuwapo," mkunga alisema. "Kule hatutoki nje ya kambi hovyo. Miye nitakwenda nayo wapi? Kaa nayo. Breki ya nyuma imelegea, mwambie fundi. Na usiiegeshe juani, mpira unapasuka."

"Nikitaka kukuletea?"

"Nitakuandikia nikiitaka."

Wakaitwa. Nikamsukuma kumsaidia kupanda, kama yeye alivyokuwa akinisukuma uwanjani, kiganja mgongoni. Lori likaondoka na vumbi lake. Nilikaa kwenye jiwe nje ya duka moja mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Barua ya kwanza ilikuja kwa mkono wa muuguzi wa kambini aliyekuja likizo. Mkunga alikuwa amepewa kazi kwenye zahanati ya kambini na alikuwa ameshazalisha watoto wengi, baiskeli hakuitaja. Nilimjibu habari za presha yangu, na habari za makarani wawili wa ofisini waliotaka niwafundishe. Niliwafundisha kweli, pale pale uwanjani, na wote wawili nao waligonga goli.

Tuliandikiana hivyo kwa miaka kadhaa, barua tatu au nne kwa mwaka. Ya mwisho ilitoka ng'ambo, kwa boti. Wakati huo watu walikuwa wameanza kurudi makwao. Aliandika kwamba mumewe alimkuta amezikwa nyuma ya nyumba yao. Majirani waliobaki walimzika vizuri, wakapanda migomba pembeni. "Sasa najua alipo," aliandika. "Nalala." Chini yake akaongeza kwamba vijiji vimeanza kumwita tena, na kwamba amenunua kinga nyingine, ya kiume, lile bomba la juu linamsumbua.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa kwetu Singida. Bwana wangu mwenyewe ndiye aliyeifunga baiskeli kwa makatoni na kuisimamia ikipakiwa kwenye behewa. Niliiendesha Singida miaka mingi, kwenye barabara zilizonyooka, upepo mkavu usoni, mpaka nyonga iliponikataza kweli. Sasa anaipanda mjukuu wangu wa kike kwenda chuo.

Ninachokikosa ni asubuhi za Jumamosi baada ya mvua. Nilizoea kupanda Mwandiga peke yangu, nanywa chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, kwenye kibanda kimoja, kisha nageuka. Ukitokea pale, barabara inaanguka, na ghafla ziwa lote liko chini yako, na ng'ambo milima imejitokeza karibu, mabonde yake yanahesabika. Sikuwa nikikanyaga pedali hata kidogo. Niliiacha iteremke yenyewe, vidole juu ya breki, kitenge kikipiga kelele nyuma yangu.