Kahawa Isiyougua

Nzula ndiye mtu mwoga kuliko wote ninaowajua, na kazi yake ni kuwaambia watu ukweli. Tunafanya naye kazi kwenye maabara ya kahawa hapa Westlands, orofa ya juu kabisa. Wafanyabiashara hutuletea mifuko yao, sisi tunasaga, tunachemsha, tunatia kwenye mashine, kisha tunawaambia ndani kuna nini. Anayeuza robusta kwa jina la arabika tunamkamata. Nzula humwandikia majibu kwa upole utadhani ni yeye aliyekosa, halafu anatembea kwa miguu hadi kwake Kileleshwa akimhurumia yule mwizi njia nzima.

Kwao ni Kangundo. Babake, Mzee Kitavi, alimpa jina la mamake mzazi, kwa hiyo humwita Mwaitu, mama yangu, kama tufanyavyo sisi Wakamba. Mzee huyo alikuwa amechoshwa na kahawa yake ya zamani. Matunda yalikuwa yakioza mtini kila msimu, na dawa ya kupulizia haikuisha kuhitajika. Siku moja akanunua miche michache kando ya barabara, akaambiwa ni aina mpya. Ikakua na majani mapana, haiugui hata mikahawa jirani ikiugua. Matunda ya kwanza yote akayafanya mbegu, akaotesha kitalu kizima, akawagawia watu bure. Mzee hana kosa. Mwenye kosa ni yule muuza miche, na siku nikimwona atajua kwa nini nyumbani waliniita mkali.

Kisha mwethya ukaingia. Mwethya wetu ni watu kusaidiana kazi: leo tuko shambani kwako, kesho kwangu. Walihama shamba hadi shamba, waking'oa mikahawa ya zamani na kupanda miche ya Mzee Kitavi. Aliyekataa ni mjane mmoja, Kaluki, kwa sababu mikahawa yake ilipandwa na marehemu mumewe. Mzee akamtuliza. "Binti yangu anapima kahawa Nairobi," akamwambia. "Hii ameipima."

Binti hakuwa amepima kitu. Buni yenyewe, ya mavuno yaliyofuata, ilimfikia wiki iliyopita, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na babake alimwambia tu aipime ajue utamu wake, afurahi.

Basi Alhamisi Nzula akaiweka buni ya babake katikati. Upande huu arabika ya Nyeri, upande ule robusta ya Busia. Tukatazama mistari ikijichora kwenye kompyuta. Kafeini ya Mzee ikapanda hadi ikakaribia maradufu ya ile ya arabika. Sukari ikawa chini. Na kile kitu kilichomo kwenye mafuta ya robusta, ambacho arabika karibu haina kabisa, kikasimama wima kwenye kioo. Nzula akasafisha mashine, akarudia. Jibu likawa lile lile.

"Ndanu, hii ni robusta tupu," akaniambia.

"Labda ulichanganya sample."

"Si nimerudia? Angalia wewe mwenyewe."

Nikaangalia. Sina ugomvi na robusta. Kule Busia inasomesha watoto. Lakini kiwanda cha kahawa cha kwao Kangundo kinapokea arabika peke yake. Na kilichoniuma ni kwamba Mzee hakudanganywa na macho yake. Kafeini hiyo ni silaha ya mti, wadudu wengi huikimbia. Aliona mti wenye nguvu, na nguvu zilikuwepo. Nikajaribu kumliwaza Nzula kwa kumwambia arabika yenyewe ilizaliwa na robusta na mti mwingine wa mwitu. Nikaona aibu hata kabla sijamaliza.

Akampigia babake simu. Mikono ilikuwa na glavu, kwa hiyo aliiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Mwaitu, umepiga wakati mzuri," babake akasema. "Tuko kwa Kaluki. Ngoja niweke sauti, watu wote wakusikie."

Nyuma yake majembe yalikuwa yakigonga na wanawake wakiimba.

"Baba, wasimamishe kwanza."

"Nisimamishe nini na tumeshang'oa yote? Tunachimba mashimo ya miche. Waambie ile kahawa ina utamu gani."

Nzula alinigeukia. Nilitamani kumsemea, lakini yule si babangu.

"Baba, ile si arabika. Ni robusta. Kiwanda hakitaichukua. Nimeipima leo."

Wimbo ukafa, sauti moja baada ya nyingine. Nilidhani Mzee atabisha, maana ni mbishi kweli. Akauliza tu kama amesikia vizuri, Nzula akamjibu ndiyo.

"Kitavi," sauti ya mwanamke ikasema, bila hasira, "wewe uliniambia aliipima." Alikuwa Kaluki. "Mikahawa yangu imelala tu hapa. Mizizi bado ina unyevu. Irudisheni."

Tukawasikia wakiirudisha. Watu wazima walikuwa wakiburuta mikahawa ya miaka mingi na kuisimamisha kwenye mashimo yaliyochimbiwa miche, mmoja akiita maji, mwingine akiita maji. Odhiambo, mkubwa wetu, alichungulia mlangoni kuulizia majibu ya mteja wa Parklands, akaona nyuso zetu, akarudi zake.

Mzee akaishika simu tena. Alikuwa akihema.

"Mwaitu, tumeshindilia udongo. Wewe ndiye unayejua kahawa. Itashika?"

Mkahawa mzee uliong'olewa na mizizi kukatwakatwa haushiki. Hilo halitaki mashine. Mzee mwenyewe analijua, amelima kahawa tangu sisi hatujazaliwa.

"Wekeni maji mengi, Baba," Nzula akasema.

"Tunaweka," akasema Mzee. "Tunaweka, Mwaitu."