Baba Alisikia Nusu

Mvua ya Busia haina adabu. Haibishi hodi. Alasiri jua linawaka, pamba imeanikwa uani, kuku wanachakura, mara upande wa Uganda unakuwa mweusi na kabla hujaita watoto iko juu ya mabati, inanguruma, imenyamazisha mwalimu na mhubiri na mke na mume waliokuwa wakigombana. Mpaka leo mvua ikianza kupiga mabati mimi hushtuka, na watu hunicheka: mwalimu mzima, mstaafu, anaogopa mvua! Wacheke tu. Hawajui ilinifanyia nini miaka ya sabini, nilipokuwa darasa la sita katika shule yetu kando ya barabara ya kutoka Nambale, ambako malori ya kwenda mpakani yalitutimulia vumbi mpaka uji wa saa nne ukawa na mchanga.

Alikuwapo mwalimu mmoja, Mwalimu Barasa, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilovaa kiangazi na masika. Alipenda midahalo kuliko chakula, na midahalo yake ilikuwa na wazimu wake. Ulipewa upande, ukautetea kwa nguvu zako zote, halafu katikati anagonga meza na kupaza sauti, “Badilisheni viti!” Basi hapo unahamia upande wa pili na kuyapinga maneno yako mwenyewe, yale yale uliyoyatolea jasho. Mwanzoni tulilia. Mtu anajipinga vipi jamani? Yeye alicheka tu. “Jiwe moja halisagi wimbi,” alituambia. “Lazima liwepo la juu na la chini, yasuguane. Ukisikia moja tu, hujapata unga, umepata kelele.” Tulimzoea. Nami, nisiseme uongo, nilikuja kuupenda mchezo ule, kwa sababu nilikuwa na ulimi, na nilijua ninao.

Siku ya wazazi, mwezi wa kumi na moja, akaamua mdahalo uwe wa Kiswahili ili wazee wasikie. Mada: msichana asipelekwe sekondari. Sasa sikilizeni vizuri, maana dada yangu Nekesa alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba siku chache tu kabla yake. Baba alikuwa amemwahidi kwamba barua ya sekondari ikija, atakwenda. Ahadi ilikuwepo, lakini ilikuwa inayumba, kwa kuwa ndugu zake Baba walimcheka kila walipokaa kwenye pombe: unamsomeshea nani huyo? Na upande niliopewa mimi kuanza nao ulikuwa upande wa asiende. Sikufikiri mara mbili. Niliyachota maneno ya baba zangu wadogo, nikayapaka mafuta. Nikasema kumsomesha msichana ni kupalilia shamba la jirani huku lako linaota magugu. Nikasema, “Wazee wangu, mtamlipia karo hapa Kenya, halafu avuke mpaka na vyeti vyake akastawishe Tororo!” Loo! Darasa zima lilivunjika mbavu. Wazee walipiga fimbo sakafuni. Baba yangu, mtu asiyecheka ovyo, alisimama na kupunga kofia yake. Na katika mkeka wa mbele, Nekesa alipiga makofi kuliko wote, kwani alijua kinachofuata ni viti.

Lakini kabla ya viti yakaja mawingu. Baba alichungulia dirishani akaona weusi ule, akakumbuka pamba yake iko nje. Akachukua baiskeli. Wazee wengine nao wakainuka. Mwalimu Barasa alitoka mpaka mlangoni. “Wazee, ngojeni kidogo! Bado nusu!” Baba akamjibu kwa heshima, mguu mmoja tayari kwenye pedali, “Mwalimu, tumesikia. Mtoto amesema, amemaliza.” Tukabadilisha viti. Nikaanza kujipinga, na wallahi sijawahi kusema vizuri vile tena maishani. Mvua ikafika. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, nami mwenyewe sikujisikia. Madawati ya nyuma yalianza kupiga soga.

Jioni ile, tukila ugali na samaki wa Osieko, kule ziwani, Baba alinawa mikono akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba Nekesa hataenda popote, barua ije isije. “Nilikuwa na shaka,” akasema, “lakini leo mtoto wangu mwenyewe amenifungua macho. Sitapalilia shamba la jirani.” Maneno yangu! Neno kwa neno, yametoka kinywani mwa Baba. Mpaka dakika ile nilidhani maneno ya mdahalo hubaki shuleni pamoja na chaki. Nikapiga magoti. Nikamwambia Baba ule ulikuwa mchezo tu, kuna nusu nyingine, nikaanza kumpa yote niliyoyasema chini ya mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akamgeukia Mama. “Mama Nekesa, umemwona huyu? Mchana hivi, jioni vile, na kote anashinda! Huyu ni wakili. Huyu ndiye tutamsomesha, hata kama ni msichana.” Nikamtazama Nekesa. Alikuwa anachambua miiba ya samaki wake, mmoja mmoja, anaipanga kando ya sahani.

Barua ilikuja Januari. Nekesa aliisoma mwenyewe, akaikunja, akampa Mama. Kabla pamba mpya haijapandwa alikuwa ameolewa ng'ambo, huko huko Tororo nilikofanyia mzaha, miaka ambayo upande ule kipande cha sabuni kilikuwa anasa. Alivuka bila cheti chochote. Nami zamu yangu ilipofika nilikwenda sekondari na sanduku la bati ambalo Mama alikuwa amemnunulia yeye. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu ulimvunja dada mifupa, ukaninunulia mimi vitabu.

Siku hizi Nekesa ana kibanda cha nguo Malaba, hapo mpakani, na mjukuu wake wa kike anasomea sheria. Hapana mzee aliyepiga fimbo sakafuni juu ya jambo hilo. Malori yamekuwa foleni ndefu kupita zamani na wasichana wenye sare za sekondari wanapita katikati yake wakicheka, hawana habari kwamba kwenda kwao kuliwahi kuwa mada. Mwaka jana nilikuwa nimeketi kibandani pale mvua ilipotujia. Nikashtuka kama kawaida yangu, naye akacheka, na mimi nikaona sasa basi, nimebeba vya kutosha. Nikasogea karibu na sikio lake, nikamwambia siku ile kulikuwa na nusu ya pili, ambayo hakuna aliyeisikia.

“Mimi niliisikia,” akasema. “Si nilikuwa mbele? Nilisoma mdomo wako, neno kwa neno. Nilikimbia nyumbani kwenye mvua nikiimba, nikijua nimeshaenda sekondari.”

Akavuta turubai kufunika nguo zake, akakaa tena.

“Pamba ingenyeshewa tu, Nafula,” akasema. “Ingekauka kesho yake.”