Siku Nilipomwanzishia Mama Deo Uchungu

Siku ya kwanza nilipoingia kazini Musonoi, kwenye machimbo ya Katanga, titulaire hakuniuliza jina. Titulaire ni muuguzi anayeongoza kituo cha afya, na wetu alikuwa mzee wa maneno machache, koti lake jeupe limeshageuka rangi ya vumbi la machimbo. Alinipeleka moja kwa moja hadi chumba cha uzazi, akanishika mkono na kuugeuza juu chini kama mtu anayechagua muhogo sokoni.

"Mikono kidogo, ni muzuri kwa kazi hii," akasema. "Lakini macho yako inaangalia sana bitu ya benzako."

Alikuwa ameniona nikiikodolea macho saa ya mkunga mwenzangu, saa nzuri yenye mshale wa sekunde, iliyobanwa kifuani kwa pini. Sikukasirika. Mimi ni mtu wa wivu, nilizaliwa hivyo, na ninyi mnaosoma habari hizi ni heri mlijue mapema. Leo nimestaafu na bado nawaonea wivu ninyi vijana, kwa sababu mna mashine inayohesabu matone peke yake huku ninyi mmekaa mkishika simu.

Sisi hatukuwa na mashine. Tulikuwa na koni ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, tulikuwa na vidole vya kupimia mlango wa kizazi, na tulikuwa na karatasi tunayoiita partogramu, ambamo kila nusu saa unaandika uchungu umefika wapi. Wanawake waliletwa kwa pikipiki, mmoja katikati ya dereva na shangazi. Mgodi ulipolipuliwa baruti saa sita madirisha yalitetemeka, na mama aliyekuwa amechoka kusukuma alipata nguvu mpya kwa hofu. Titulaire alisema baruti ni msaidizi wake asiyedai likizo.

Kutoka Musonoi nilihamishiwa Mutshatsha, kwenye reli, ambako wodi ya wazazi iliongozwa na Sista mkuu. Huyo hakucheka na mtu. Ndiye aliyenifundisha kuanzisha uchungu. Mimba ikipita siku zake, kondo la nyuma huanza kuchoka na mtoto hukaa ndani kwa hatari. Hapo unatundika chupa ya seromu, maji ya kuingia mshipani, yenye dawa ya uchungu, unaanza na matone manane kwa dakika, halafu unaongeza manne kila nusu saa mpaka tumbo likaze vizuri mara tatu katika dakika kumi. Ukifika hapo unaacha kuongeza. Huku unasikiliza moyo wa mtoto, na mkono wako hautoki tumboni.

"Seromu haiko maji ya robine," Sista alikuwa akituambia, akionyesha bomba la maji. "Ukifungua sana, unabomoa nyumba na mwenye nyumba ndani."

Mimi nyumba yangu ilibomolewa. Nilimzaa Serge wangu salama, lakini mimba ya pili ilipitiliza, nikapelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Mtu aliyeachiwa seromu yangu aliifungua kwa haraka akatoka nje kuongea. Kizazi kilipasuka. Mimi waliniokoa kwa kukitoa, mtoto hakulia. Nilirudi kazini baada ya miezi mitatu nikaendelea kuwazalisha wengine, na kila mama aliyeondoka na mtoto wa pili mgongoni nilimsindikiza mpaka mlangoni nikitabasamu kwa meno tu.

Nilipohamishiwa Kolwezi mjini tulikaa ua mmoja na mdogo wake mume wangu. Mkewe aliitwa Mama Deo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na mimi nilimpenda. Siku alipotuambia ana mimba nyingine, nilimpongeza, nikaingia jikoni, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka yakawa maji. Aliketi uani akichambua mchele juu ya lile tumbo kama juu ya meza. Nilimchukia kwa kulitumia hivyo. Mimi lile tumbo ningelifunika kwa vitambaa vya hariri.

Miezi tisa ikatimia, ikapita. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, tumbo kimya. Daktari mkuu wa wodi yetu, mtu mrefu aliyeongea taratibu hata nyumba ikiungua, akaamua uchungu uanzishwe. Akamuuliza Mama Deo anataka mkunga gani.

"Yaya," akasema. "Mama Serge."

Hapo kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilipaswa kukataa. Nilijua moyo wangu ulivyo, lakini nisingevumilia mwingine amzalishe. Hata hilo nililionea wivu.

Asubuhi saa moja daktari alipasua chupa ya maji. Mkipasua chupa mjue safari haina kurudi, kwa kuwa mtoto hana tena kinga na kila saa inayopita ni hatari. Saa mbili nikatundika seromu. Matone manane. Mkunga mwenzangu Mama Astrid alikuwa chumba cha pili akiandaa vitambaa na maji ya moto. Nje kwenye baraza mama mkwe wetu alikuwa tayari amekusanya ukoo.

Kwetu watu wa kaskazini ya Katanga, mtoto akikawia kutoka, wazee husema kuna mtu katika familia anamshikilia rohoni. Basi kila mwenye neno analitoa mbele ya wote, anakunywa maji, anatema kidogo chini, na njia inafunguka. Kupitia dirishani nilimsikia mume wa Mama Deo akikiri kwamba alitaka kwanza pikipiki, mtoto baadaye. Shangazi mmoja akasema tangu Pasaka hajamsamehe Mama Deo kwa kitenge alichomwazima kikarudi na doa la mafuta. Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu aliyesoma. Mama mkwe hakuniita, maana nilikuwa na koti jeupe, na koti jeupe halihojiwi. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile nguo yenyewe ilikuwa hiyo yangu.

Saa tano daktari akaingia, akaangalia chupa ya seromu, akatoa saa yake akahesabu matone.

"Mama Serge, toka saa mbili mupaka saa tano, matone ni ile ile munane?"

"Daktari, naogopa tumbo isipasuke."

"Woga ni muzuri. Lakini nusu saa ngapi zimepita? Weye njo unafundishaka bengine." Akaangalia partogramu yangu, mstari umelala kama mgonjwa. "Maji ilishatoka. Saa saba kama haibadilike, nitamupasua. Na mutoto akichoka mbele ya pale, utaniambia nini?"

Akatoka. Nikabaki nimeshika kile kigurudumu kidogo cha kufungulia seromu. Nilijiuliza kwa ukweli: ni woga? Woga ulikuwepo, nani asiogope aliyepitia yale? Lakini mara tatu nilikuwa nimenyoosha mkono kuongeza, na mara tatu sauti ndani yangu ikasema, asubiri, wewe ulipata nini? Nawaambia wazi, kwa sababu mtu akiwa na aibu ya kusema jambo hili, mtoto wa mtu hufa kimya kimya, na kwenye karatasi wataandika kwamba mimba ilipitiliza.

Nikasikiliza moyo wa mtoto kwa koni. Mia moja thelathini. Ulikuwa bado mzuri. Machozi yakaangukia tumbo la Mama Deo.

"Yaya, juu ya nini unalia?"

"Silii."

"Unalia. Mutoto alikufa?"

"Hapana, mutoto ni muzima." Nikaona siwezi kumwacha na hofu hiyo. "Mama Deo, miye niko na wivu na weye. Toka siku ulisema uko na mimba. Mu roho nilikuwa nasema, juu ya nini yeye, juu ya nini hapana miye. Na leo mukono yangu inakatala kuongeza matone. Ngoja nimuite Mama Astrid, yeye njo akuangalie."

Nilidhani atapiga kelele. Ningekuwa mimi ningepiga. Alivuta pumzi, tumbo likakaza kidogo likaachia, akanishika kifundo cha mkono.

"Nilijua, yaya. Unafikiri sikukuwa nakuona? Kila asubui unaangalia tumbo yangu mbele ya kuangalia sura yangu."

"Na ukaniomba nikuzalishe?"

"Njo maana nilikuomba. Batu benye kunipenda banaweza kusinzia. Weye hautasinzia, wivu haina usingizi. Sasa ongeza matone, mutoto anachoka."

Nikanywa maji kutoka kikombe chake. Nikatema kidogo sakafuni, halafu, kwa kuwa mimi ni mkunga, nikapangusa pale kwa dawa ya kuua vijidudu. Kisha nikafungua. Kumi na mawili. Nusu saa nyingine kumi na sita. Mkono wangu haukutoka tumboni. Tumbo lilipokaza nilihesabu, lilipoachia nilisikiliza moyo. Saa saba daktari aliporudi mlango ulikuwa umefunguka sentimita sita, akaguna tu akaenda zake. Nilipofika matone ishirini na nane uchungu ulikuja mara tatu katika dakika kumi, nikaacha kuongeza.

Saa tisa msichana akatoka, akalia kabla mabega hayajamaliza kutoka. Nilimfuta, nikamfunga, nikamshika. Nilipaswa kumpa mama yake mara moja, huo ndio utaratibu. Nilimshika zaidi ya utaratibu. Mama Deo alingojea tu na mikono yake wazi, mpaka nikampa.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, ambalo hakuna Sista wala daktari aliyenifundisha kuliepuka. Kwetu mtu ambaye umepewa jina lake huitwa majina yako. Mtoto humpelekea unga wa mavuno ya kwanza, hulala kwake wakati wa likizo, na mwenye jina humwita mwanangu, naye humwita mama, bila mtu kubisha. Mama mkwe aliingia chumbani, akamwinua mtoto, akasema, "Huyu ni Julienne." Jina langu hilo. Mama Deo akatikisa kichwa kukubali, alikuwa analia.

Na mimi nikafikiri: kila asubuhi nitasikia uani jina langu likiitwa na mama mwingine, kwa mtoto wa mwingine.

"Hapana," nikasema. "Jina yangu ningali naitumia."

Mama mkwe alinitazama, kisha akatazama kando, akamwona Mama Astrid ameshika kitambaa.

"Na weye, jina yako ni nani?" Mama Astrid akalitaja, na mtoto akapewa jina hilo.

Miaka imepita. Nilifanya kazi mpaka magoti yakakataa kusimama, wakanipa karatasi yangu na sherehe ndogo. Wakunga vijana huja kuniuliza kama ni kweli kuungama hufungua kizazi. Nawajibu kwamba dawa ndiyo hufungua kizazi, tena kwa matone yaliyohesabiwa. Ila siku ukijua moyo wako hauko sawa na mama aliyelala mbele yako, mwambie, au toka umpe mwingine seromu. Mengine hayamo kwenye partogramu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshakua mrefu kunipita.

Juzi yule msichana wa Mama Deo alikuja kupitia mlangoni kwangu na bakuli la samaki lililofunikwa kitambaa. Akapiga goti, binti mwenye adabu, sura ya mama yake tupu.

"Jambo, mama mukubwa."

"Jambo, mwana. Unaenda wapi?" Nilijua anakokwenda, niliuliza tu.

"Kwa mama yangu," akasema. "Kwa Mama Astrid."

Nikamwambia aende upesi, samaki watapoa.