Siku Niliyokuweka Juu ya Kaunta

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa kiatu chako kimoja. Cha pili ulikuwa umekiangusha karibu na stendi ya Thika, na sikurudi kukitafuta kwa sababu kiwandani walinipa ruhusa ya saa tatu tu. Ilikuwa mara yangu ya saba kusimama mbele ya kaunta ya ofisi ya mitihani pale chuoni. Karani, msichana wa rika langu, hakuinua hata macho.

"Mama, si nilikuambia urudi wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ya mwaka gani?"

"Alama zako za Sheria ya Biashara hazijaonekana. Mwalimu alileta karatasi za wote. Yako haiko."

Hapo kitu kilinikatika ndani. Nilikufungua mgongoni, nikakuketisha juu ya kaunta katikati ya mafaili yake. Nikamwambia, "Shika huyu. Mimi narudi kazini Ruiru. Mkipata alama zangu, mnipigie nije nimchukue."

"Ngai! Mama, toa mtoto hapa!"

Nyuma yangu kijana mmoja akaangua kicheko. "Ameweka rehani! Huyu sheria alisoma!" Foleni yote ikacheka. Wewe pia ulicheka, ukachukua muhuri wa karani ukautia mdomoni.

Mimi sikucheka. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilisema mtihani niliufanya, nilikaa safu ya pili karibu na dirisha, maswali yote nilijibu. Halafu, kwa hasira na kwa kiburi, nikaongeza lile ambalo hakuna aliyeniuliza. "Huyu nilimzaa nikisoma kozi yenu! Nilimzaa Alhamisi," na tarehe nikaitaja, "na wiki iliyofuata nilikuwa hapa darasani, maziwa yakinivuja! Mtaniambia nini nyinyi?"

Yashike maneno hayo. Nitayarudia.

Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi bado sijafika miaka thelathini. Lakini mzee aliyestahili kukuambia haya tulimzika kijijini kwetu Theta kabla hujaanza kutambaa, na mimi ndiye niliyemsikia akisema nikampuuza. Basi nisikilize mimi. Aliyeungua hahitaji mvi ndio ajue moto.

Nilimaliza kidato cha nne nikaenda kiwanda cha nguo Ruiru, kwenye meza ya kukata nyuzi. Kazi yenyewe ni hiyo tu: suruali inakuja, unakata nyuzi zinazoning'inia, inaenda. Msimamizi aliniona nina kichwa. Akaniambia nikileta diploma atanihamishia ofisi inayoshughulika na mikataba ya wateja. Ndipo nikajiunga na chuo Thika, Alhamisi mchana na Jumamosi, kwa siku nilizobadilishana na wenzangu kazini.

Masomo mengine niliyavumilia. Sheria ya Biashara niliipenda. Mwalimu wetu, wakili mwenye koti moja la kijivu, alitufundisha kwamba blauzi iliyoning'inizwa dirishani na bei yake bado haijakupa haki ya kuinunua. Ni mwaliko tu uingie ukaombe. Alitufundisha kwamba ukitia sahihi kwenye karatasi umefungwa nayo, uisome usiisome. Na kwamba anayedai ndiye athibitishe. Nilirudi Ruiru nikitembea kama mtu aliyepewa macho mapya. Wenye maduka walinichoka.

Lakini kulikuwa na orodha ya mahudhurio. Usipohudhuria vipindi vya kutosha, huruhusiwi kufanya mtihani. Basi mwalimu anafundisha huku karatasi ikizunguka madawati, na kila mtu anatia sahihi mbele ya jina lake. Rafiki yangu Mueni alikuwa na kibanda cha mboga kisicho na wa kukiangalia. Wafula alikuwa bawabu, na zamu zake zilibadilishwa bila taarifa. Asipokuja mmoja, mwingine anamsainia. Mueni alikuwa akiniandikia ujumbe, "Sis, leo nisimamie." Namsimamia. Tuliliita jambo hilo kusaidiana. Somo la mbele ni nguvu ya sahihi, na chini ya dawati mimi najaza sahihi ya Mueni. Hata sikuona aibu.

Shosho wangu, mama yake mama yangu, ambaye kijijini walimwita Cucu, hakujua kuandika. Jumapili moja nilimsindikiza kwenye mkutano wa mradi wa maji kule Theta, wakati huo nikiwa na mimba yako. Wanachama walikuwa wanatia sahihi, na yeye anaweka kidole gumba kwenye wino. Mwenyekiti akamwambia, "Cucu, weka kingine hapo kwa Mama Kimani, ameenda sokoni."

"Kidole ni changu," Shosho akasema. "Yeye aje na chake."

Watu walimcheka. Mimi, msomi, nikaona haya kwa niaba yake. Nikamnong'oneza, "Shosho, huyo ni jirani yako. Si ni kusaidiana tu?"

Akanitazama kama mtu aliyekuta funza kwenye hindi. "Kusaidiana ni kumbebea maji. Mimi nikijifanya Mama Kimani leo, kesho nikisema mimi ni mimi, utaniamini kwa nini?"

Nilicheka, mwanangu. Nilimwambia mambo ya zamani hayo.

Sasa rudi kwenye kaunta. Kelele zangu zilimtoa ofisini afisa wa mitihani, mzee mpole mwenye sweta. Hakunifokea. Alikuondoa kwenye kaunta, akakutoa muhuri mdomoni, akanikabidhi wewe. Alileta orodha ya siku ya mtihani. Sahihi yangu ilikuwepo! Nilitaka kumkumbatia.

"Sahihi iko," akasema. "Lakini karatasi haiko. Nitajuaje ni wewe uliyetia?"

Akafungua faili la mahudhurio ya muhula mzima, polepole, akilamba kidole.

"Umesema mtoto huyu ulimzaa tarehe ngapi?"

Nikaitaja tena.

Aligeuza faili upande wangu. Alhamisi uliyozaliwa, saa ambayo mimi niko hospitalini nimeshika chuma cha kitanda naita mama yangu, jina langu lilikuwa na sahihi. Kwa orodha hiyo, nilikuwepo darasani. Mueni alinisaidia. Hata sikumwomba, alilipa wema kwa wema.

Akaweka kalamu kwenye mistari mingine. "Na hii ya Mueni? Na hii ya Wafula? Huu ni mkono wa nani?"

Mkunjo wangu wa herufi ya mwisho ulikuwa umekaa pale kila mahali. Nilimwambia, "Mzee, mtihani niliufanya. Haki ya Mungu."

"Huenda uliufanya, binti yangu. Lakini orodha hizi ndizo shahidi wako, na shahidi wako anasema uongo."

Foleni haikucheka tena. Ningeona afadhali wacheke. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilimpigia Mueni aje aseme alikaa nyuma yangu siku ya mtihani. Akajibu, "Sis, pole sana. Lakini mimi nishapata cheti changu. Nikija pale wataanza kuangalia sahihi zangu. Tafadhali usinitaje." Wafula hakushika simu kabisa.

Niliambiwa nirudie somo hilo, nalo hufundishwa mara moja kwa mwaka. Nafasi ile ofisini msimamizi hakuweza kunishikia. Alimpa mtu mwingine, naye hunipungia mkono kila asubuhi nikipita kwenda kwenye meza ya nyuzi. Hasira yangu kwa chuo haijaisha, na sitaki iishe. Waliipoteza karatasi yangu. Orodha yao walizungusha bila kutazama, na siku nilipohitaji ukweli ndipo wakavaa miwani. Lakini wewe sikudanganyi: mlango waliponifungia, ufunguo niliwapa mimi.

Kwa hivyo nakuusia. Mtu akiwa na shida, mbebee maji, mshikie mtoto, mpe shuka lako. Jina lako usimpe, na lake usilichukue, hata akikuomba kwa machozi. Rafiki akikusaidia kwa uongo, siku utakapomhitaji kwa ukweli hataweza kuja; uongo ule utakuwa umemfunga miguu. Na mzee asiyejua kusoma akikuambia neno, usimpime kwa shule yako.

Sijui kama nitawahi kukuonyesha diploma. Siku nyingi naamini sitawahi. Mungu akukuze, Wambui wangu, akupe jina linaloaminika hata usipokuwepo, na mtu wa kusimama akisema, "Ndiyo, nilimwona." Nikikosa kukuachia kingine, nakuachia nakala ya barua niliyoipeleka. Muhuri uliopigwa juu yake ni ule ule uliokuwa ukiutafuna.

*Kwa Mkuu wa Chuo,*

*KUH: MALALAMIKO KUHUSU KARATASI YA MTIHANI ILIYOPOTEA*

*Nalalamika kwamba mlipokea karatasi yangu ya Sheria ya Biashara mkaipoteza, na mara saba mkaniambia nirudi wiki ijayo. Nalalamika pia kwamba orodha ya mahudhurio inazunguka darasani bila mwalimu kuitazama.*

*Nakiri kwamba Alhamisi niliyojifungua sikuwa darasani. Sahihi ya siku hiyo si yangu. Nakiri kwamba siku nyingine niliwasainia wenzangu wawili. Majina yao siyaandiki hapa. Hilo ni lao kusema. Kama kuna adhabu ya kosa hilo, nitaipokea.*

*Lakini mtihani niliufanya. Swali la tatu liliuliza kama mtu mwenye mikono michafu anaweza kuomba haki. Nililijibu kwa kurasa mbili. Naomba mnitafutie kurasa hizo, na mnijibu kwa maandishi.*

*Nimetia sahihi yangu hapa chini. Kwa kuwa sahihi hiyo niliiharibu mwenyewe, kando yake nimeweka na kidole.*