Daktari wa Theluji wa Malaz

Ifahamike kwa wote, wenye magari na waendao kwa miguu, ya kwamba mji wa Riyadh, ambao mwezi wa saba hukaanga yai juu ya boneti na kuliunguza, hatimaye umejaliwa mtaalamu wa kuendesha gari kwenye theluji. Jina lake Elly, dereva wa nyumba mtaani Malaz, mzaliwa wa Ahero. Barafu pekee aliyowahi kuigusa ni ile ya kwenye friza ya madam, alipotumwa kutoa kuku.

Utaalamu wenyewe ulimwingia ghafla, kama mafua, siku moja ya Januari. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, mzee mchangamfu ambaye Elly alimwita Baba, aliona kwenye simu theluji imeanguka milima ya Tabuk, na watu wazima na ndevu zao wanarushiana madonge. Papo hapo akataka kwenda.

"Elly, Kenya kuna mlima wa theluji, au siyo?"

"Uko, Baba."

"Basi wewe theluji unaijua."

Mtu mwenye akili angeeleza hapo kwamba Kenya ni kubwa, na kwamba Ahero hakianguki kitu kutoka juu ila mvua na mavi ya ndege. Lakini Elly alikuwa na haja yake. Mkewe, Selipher, alitarajia kujifungua mtoto wao wa kwanza mwezi wa nne, na kila alipoomba likizo Baba alijibu, "Baadaye, inshallah." Inshallah ya kafili haina kalenda.

"Naijua kama ugali, Baba."

"Vizuri! Tufikishe salama, ndipo tuongee habari ya likizo. Sasa niambie: tufunge tairi za baridi au za misimu yote?"

Elly akaomba nafasi ya kutafakari kitaalamu, kisha akatoka mbio hadi kwa Dominic, dereva wa jirani, aliyekuwa akiosha gari.

"Misimu yote?" Dominic alicheka mpaka akapiga ndoo teke. "Riyadh ina misimu gani? Joto, na joto la vumbi!"

"Buda, niko siriasi. Nikiharibu hii, Selipher atazaa mimi nikiwa hapa napeleka watoto wa watu shule."

"Basi sikia. Tairi ya baridi mpira wake ni laini, na ina meno ya kung'ata barafu. Ni kama koti la Limuru. Sasa ulivae kutoka hapa mpaka Tabuk, lami kavu njia nzima? Utafika na kipara. Ile ya misimu yote nayo ni kama mwanasiasa: iko kila upande, na siku ya shida huioni."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mwambie mzee ukweli."

"Ukweli haupewi likizo."

Ubishi ulimalizwa na muuza tairi. "Za theluji? Mafi, hakuna!" alisema, akamuuliza Elly kama amepigwa na jua. Elly akarudi kwa Baba na uso wa jaji.

"Nimepima kila upande, Baba. Ni za misimu yote."

Zikafungwa. Wakafika Tabuk, ambako dada yake Baba aliungana nao kutoka Aziziya, Jeddah, pamoja na Celestine, mfanyakazi wake wa nyumbani. Celestine alikuwa wa Chuka, chini ya Mlima Kenya. Waliposimama kunywa chai, akamsogelea Elly.

"Nasikia kuna daktari wa theluji kutoka Ahero."

"Shika adabu, dada."

"Huo mlima ni wetu. Nimezaliwa nikiuona dirishani, na bado sijaukanyaga. Wewe uliuona wapi, kwa kalenda?"

"Celestine, ukinisema, mtoto wangu atazaliwa mimi sipo."

"Nikuseme kwa nini? Mimi nataka kuona tu."

Wakaingia wote gari moja, wakapanda. Lami ikaanza kuwa nyeupe. Kwenye kona, pikapu iliyokuwa mbele ikapiga breki na kuzunguka kama bibi aliyelewa sifa za harusi. Elly alitaka kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini mguu ukagoma. Mwili mzima uligeuka ubao. Akamwita Yesu, akaongeza na bismillahi ya akiba. Gari, likiwa halina wa kuliamuru, likapunguza mwendo lenyewe, likaipita pikapu ubavuni, likaegemea rundo la theluji polepole, kama ng'ombe anayejikuna kwenye ua.

"Mashallah!" Baba alipaza sauti. "Mmeona? Breki hakuigusa!"

"Dereva wangu angetuua," dada yake akasema.

"Huyu wangu ni daktari! Na mwezi wa nne anakwenda kwao, mkewe anajifungua. Nimesema, halas!"

Neno la Baba likishatoka mbele ya dada yake halirudi. Bora auze nyumba. Elly akapata tena vidole vyake, kimoja kimoja. Nyuma, Celestine alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka.

Waliposhuka, Baba akainua simu na kumwelekezea Elly, aliyekuwa akitetemeka ndani ya sweta moja jepesi.

"Daktari! Waambie watu wa Riyadh, na wa Jeddah wasikie. Kwenye theluji, tairi za baridi au za misimu yote?"

Elly akaitazama simu, akautazama weupe uliokuwa ukimwingia viatuni. Likizo ameshaipata. Uongo ulikuwa umekosa kazi.

"Sijui, Baba. Theluji yenyewe ndiyo leo naiona."