Rambirambi za Wageni wa Morungole

Watu husafiri mbali kuja mbuga ya Kidepo, kaskazini mwa Uganda, kwa ajili ya simba na nyati. Wakishawaona vya kutosha, siku ya mwisho hupandishwa mlima Morungole kututembelea sisi Waik, na kwa miaka mingi nyumba waliyopelekwa ilikuwa ya jirani yangu Nakwang, mjane mwenye mizinga mingi ya nyuki kuliko wanaume wengi wa huku juu.

Aliyewaleta ni Lokeris, mwongoza wageni wa kule chini Karenga. Nakwang alimwita ndugu, na alikuwa na sababu. Mama yake alipozidiwa, Nakwang alimbeba mgongoni kumteremsha zahanati. Lokeris akamkuta njiani, wakapokezana mzigo. Mama alifia huko huko. Lokeris akasaidia kumrudisha mlimani, akashika sururu na kuchimba kaburi kwenye mawe, akilia waziwazi.

Kila wageni walipofika, Lokeris aliwaketisha karibu na kaburi lile akazungumza nao Kiingereza. Nakwang hakujua hata neno moja.

"Unawaambia nini?" alimuuliza mwanzoni.

"Habari za mama, dada."

Akaridhika. Aliwaona wageni wakinyamaza, wakitikisa vichwa. Mwanamke mmoja alibubujikwa na machozi. Nakwang akamshika mkono, akambembeleza, akampa asali ya kuondoka nayo. Alisema hajapata kuona watu wanaojua kulia na mfiwa kama wale.

Kiangazi kimoja mdogo wake, Nachem, alikuja kumtembelea kutoka Kitgum. Aliolewa huko, akawa mpishi wa shule ya bweni, na Kiingereza alikiokota jikoni kwa watoto. Siku hiyo alikuwa anasaga mtama Lokeris alipoleta wageni wake. Mara mikono yake ikasimama juu ya jiwe.

"Dada, unajua anachosema huyu?"

"Habari za mama."

"Anasema tulimtupa. Njaa ilipoingia tukamtoa nje, akafia pale penye mawe, na sisi tunakula tunacheka. Sasa anasema binti mwenyewe ndiye wewe, wakutazame vizuri."

Nakwang alikuwa ameshika kibuyu cha asali, na mgeni mmoja keshanyoosha mkono kukipokea. Akakirudisha kifuani. Akamwita Lokeris pembeni.

"Kaburi lile ulichimba wewe."

"Dada, usikasirike. Ni kazi tu. Wanyama wote wako bondeni. Mtu apande mlima huu aone nini? Nikisema mlimzika vizuri, nani atashangaa?"

"Na siku ile ulikuwa unamlilia nani?"

Lokeris akatazama viatu vyake. "Hawa ni watu wa kupita. Wakifika kwao wamekwisha kukusahau."

"Waambie basi na mchimbaji alikuwa nani," Nachem akadakia, "nawe utupwe jalalani pamoja nasi."

Hakusubiri jibu. Akawaendea wageni, akajaribu kuwaeleza kwa Kiingereza chake cha jikoni: mama alibebwa, mama alizikwa. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamgeukia Lokeris awafafanulie. Akawaambia maneno machache ambayo Nachem hakuyapata. Wakamtazama kwa huruma zaidi ya mwanzo.

Tangu hapo Nakwang hakumfungulia Lokeris mlango. Lakini hakuacha kumfikiria yule mwanamke aliyelia, ambaye alinionyesha siku ile alipokuja, na habari zake ndizo alizozirudia kwangu kila tulipokwenda kuchota maji. "Nilimfariji," aliniambia. "Nilimshika mkono, naye alidhani anashika mkono wa nani?"

Mvua zilipokatika Lokeris alirudi na kundi jingine. Safari hii aliwapeleka kwenye nyumba ya ng'ambo ya korongo. Nakwang alikuwa shambani anapalilia. Aliwaona wamesimama ukingoni, Lokeris ameunyoosha mkono kumwelekezea yeye, na kamera zinapanda.

Aliwapa mgongo, akaendelea na jembe lake.